Kichwa cha Mwanasha

Siku yangu ya kwanza ya udresa, kazi ya kusafisha na kufunga vidonda hospitalini, nilipewa wembe, si dawa. Dresa Mkuu, mtu wa maneno machache, aliniweka kunyoa vichwa vya wagonjwa wa mapunye mpaka mkono ukazoea. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, katika hospitali ndogo ya kusini ya pwani. Baadaye nikahamishiwa chumba cha upasuaji, chini ya Bwana Daktari.

Huko ndiko nilikomjua Mwanasha wa Kinondo. Utotoni alimwagikiwa na uji wa moto, na utosini pakabaki kovu laini lisiloota hata unywele. Mtasema mwanamke hujifunika. Lakini siku ya arusi angefunuliwa kichwa mbele ya mawifi, asukwe na kutiwa asumini. Alikuwa ameshaposwa, na kovu lile lilimnyima raha.

Bwana Daktari alitoa vipande kumi na viwili vya ngozi kisogoni, penye nywele, kila kimoja kama punje ya hindi, akavipanda ndani ya kovu.

"Hivi ni miche," aliniambia. "Visiguswe wala kupakwa kitu siku kumi. Kawaambie jamaa zake."

Nikamwambia mjomba wake barazani, kama adabu ilivyotaka. Akaitikia, "Inshallah." Kumbe aliona haya kutaja nywele za mpwawe mbele ya wanawake, akanyamaza. Siku ya nne bibi yake Mwanasha, mzaa mama, kwa mapenzi tu, alifungua bandeji, akapaka mafuta ya nazi na kuchana. Vipande saba vikatoka na kitana.

"Ulimwambia nani?" aliuliza Bwana Daktari.

"Mjomba, bwana."

"Na mjomba ndiye ampakaye mafuta?"

Niliona aibu kubwa. Nikaenda Kinondo kuwataka radhi. Nikamweleza bibi taratibu kwamba hata nywele za vile vitano zitapukutika kwanza, ndipo ziote upya baada ya miezi mitatu. Zikaota kweli. Msusi akazivuta, zikafunika nusu ya kovu. Nusu ya pili mawifi waliiona, na arusi ikafungwa.

Nimestaafu zamani. Madaktari vijana wakiniuliza kazi ile ilinifunza nini, siwatajii kisu wala uzi. Nawapa maneno ya Mwanasha siku ile Kinondo, nilipokwisha kumwomba radhi mjomba na bibi, nikainuka niende zangu.

"Kaka dresa," aliniita. "Kichwa ni changu, na masikio ninayo. Mbona hukunambia mimi?"