Aqal ya Farhiya na Mtu wa Takaful

Mimi ni Anab, mjane wa Maalim Sadik, wa Bulla Iftin hapa Garissa. Kusoma nilianza ngumbaru nikiwa tayari na wajukuu, kwa hivyo anayetaka maneno ya magazeti asome magazeti. Lakini kujenga nyumba sikufundishwa na mtu wa shule. Kwetu nyumba ni kazi ya mwanamke. Mwanamume anachunga ngamia. Mwanamke anakata fito, anazipinda, anasuka mikeka ya kufunika, anakaza kamba. Siku ya kuhama anafungua yote na kuipakia juu ya ngamia. Hiyo ndiyo aqal. Nimejenga kutoka Eldas mpaka ukingo wa Tana, na upepo haujaniangushia hata moja. Wapo wanaobisha. Zao ziliruka.

Hii nyumba ya mawe ninayokaa sasa aliijenga mwanangu Yahye, mfanyabiashara wa Nairobi. Nzuri, siikatai, ila ina joto kama jiko. Yahye akaiingiza katika takaful, ile bima yetu ya Kiislamu. Watu wanachanga mfuko mmoja, na nyumba ya mmoja wao ikiungua, mfuko unamwinua. Hilo nililipenda. Zamani ukame ukimaliza mifugo ya mtu, kila ndugu alimletea mbuzi. Ni jambo lile lile, limevaa tai tu.

Sasa mjukuu wangu Farhiya akapata mchumba wa Modogashe. Mama yake alishafariki, kwa hivyo aqal ya bibi harusi ikawa juu yangu. Wasichana wa siku hizi wanakodi hema la plastiki na viti vyenye utepe. Nikasema mjukuu wangu hataolewa ndani ya plastiki. Nikaijenga nyuma ya nyumba, ikiegemea ukuta, pale penye kivuli cha jioni. Nikavuta waya wa stima kutoka sebuleni kupitia dirishani, bibi harusi apate taa na feni. Ndani nikaweka chetezo cha ubani. Jirani yangu Ruweyda alipochungulia aliisifu, na Ruweyda hasifu kazi ya mtu.

Wiki ya harusi akaja mtu wa takaful kukagua nyumba, maana mkataba ulikuwa unafanywa upya. Kijana mrefu anaitwa Golicha, Mborana wa Buna. Yeye Mborana, mimi Msomali, tukakutana katika Kiswahili. Akazunguka mbele akiisifu rangi mpya. Akaona misumari ya mabati imelegea, akasema tuikaze kabla ya mvua, kwa sababu paa lisilotunzwa likibebwa na upepo mfuko unaweza kukataa kulilipa. Nikasema sawa, hiyo ni akili. Akapinda kona, akasimama.

“Ayeyo,” akaniita, yaani bibi kwa Kisomali, “hili jengo mliongeza lini?”

“Jengo gani?”

Akanyoosha kalamu. Nikamwambia hilo si jengo, ni mzigo wa ngamia uliopumzika. Nani anakwenda kupiga ripoti kwamba mzigo wake umepumzika? Nikamuuliza bibi yake kule Buna anajenga kwa kitu gani, simiti?

Akacheka, akakubali kwamba bibi yake pia anajenga kwa fito. “Lakini bibi hajaegemeza nyumba yake kwa nyumba yenye bima,” akasema.

Basi akanieleza kwa adabu, nami nikamsikiliza kwa sababu alikuwa na adabu. Ukiongeza kitu kwenye nyumba, unawaambia. Wao walikubali kuikinga nyumba ya mawe peke yake. Sasa ukuta umebebana na mikeka mikavu, waya umepita katikati ya mikeka, na makaa yako ndani. Cheche moja tu, moto unapanda mpaka mbao za paa. Hapo mfuko utasema hatukuambiwa, na Yahye atabaki na majivu. Akasema yeye hawezi kuandika kwamba nyumba iko sawa.

Akampigia Yahye simu. Yahye akaniomba niibomoe, akasema atalipa hema zuri. Nikamjibu kwamba yeye alizaliwa ndani ya aqal na makaa yakiwa karibu, na hakuungua hata ukucha. Nikakata simu.

Farhiya alikuwa amesimama mlangoni, mikono mbali na nguo kwa sababu hina haijakauka. “Ayeyo, acha tu,” akasema. “Hema litatosha.” Alisema polepole, akaangalia chini.

Hapo ndipo maneno ya kijana yule yaliponirudia vizuri. Nikamgeukia.

“Golicha, kosa la aqal ni kuwepo, au ni kuwa karibu?”

“Karibu, ayeyo. Na ule waya. Ingekuwa kule kwenye ua, mbali na nyumba, na makaa yakae nje, nisingekuwa na neno. Lakini harusi si Ijumaa? Mtaibomoa na kuijenga saa ngapi?”

“Wewe kaa kivulini unywe chai.”

Nikamwita Ruweyda, Ruweyda akaita mtaa. Wanawake wakaja na vigelegele, mikeka ikateremka, kamba zikafunguka, fito zikabebwa mabegani hadi upande wa pili wa ua. Golicha akainuka kusaidia, akashika fito kwa ncha isiyoshikwa. Ruweyda akamnyang'anya, akamwambia arudi kwenye chai yake, hii si kazi ya wanaume, atatuharibia nyumba. Kabla ya adhana ya adhuhuri aqal ilikuwa imesimama tena, na nzuri kuliko mwanzo kwa sababu nilikaza upya. Waya nikaurudisha sebuleni. Farhiya akapata taa ya sola, chetezo kikakaa nje ya mlango. Ubani unajua kuingia wenyewe.

Golicha akapiga picha mpya akitikisa kichwa. Alisema ameona majumba yakiongezwa vyumba, lakini hajaona chumba kikitembea.

Fundi akakaza misumari, mkataba ukapita, na Ijumaa Farhiya aliingia aqal yake tukiimba mpaka sauti zikakauka. Baada ya siku za harusi tukaifungua, ikapanda lori kwenda Modogashe pamoja na bibi harusi. Ngamia wa siku hizi wana magurudumu.

Juzi Golicha alipiga simu. Ofisini wameona picha, wanauliza ile nyumba ya uani waiandikeje.

Nikamwambia waandike imehama.