Sefu Iliyomnyima Kitasa Bastola

Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Kitasa, na mkewe naye alimwita hivyohivyo, hasa akiwa amenuna. Alikuwa fundi wa makufuli. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye kibanda chake akichonga funguo, na sefu za watu zikigoma alizifungua kwa kuzisikiliza, sikio kwenye chuma kama mkunga kwenye tumbo.

Sifa hizo ndizo zilizowaleta wanaume wawili asubuhi moja. Walitaka awafungulie sefu ya duka lisilo lao. Akakataa. Hawakugombana naye. Walimwambia tu kwamba wanajua njia anayorudia nyumbani, na kwamba watakuja tena. Siku hiyohiyo akaenda kuomba kibali cha kubeba bastola.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka afande alipofika nyumbani kukagua silaha itawekwa wapi. Kitasa akamwonyesha sefu aliyoiunda mwenyewe. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Lakini afande, kwa adabu tu, akasema hii hata mwizi hodari haiwezi, na fundi akachokozeka. Akachukua vipande viwili vya waya, akaifungua kabla mkewe hajamaliza kumimina chai. Afande akanywa chai, akashukuru, akaandika. Barua ikaja: ombi limekataliwa, mahali pa kuhifadhia silaha si salama.

“Mdomo umekuponza,” mkewe akasema.

“Mbona mdomo sikuufungua?”

“Ndiyo, ulifungua kibaya zaidi.”

Akakata rufaa. Akanunua sefu mpya ya kiwandani, akahangaika nayo siku tatu, ikamshinda. Hakuwahi kufurahia kushindwa namna ile. Wale wawili nao walipita tena kibandani. Mmoja alichongesha ufunguo, akalipa, kisha akauacha mezani, wakaondoka. Tangu hapo Kitasa akawa hali akashiba.

Siku ya rufaa alikaa mbele ya meza ndefu, mkewe nyuma yake. Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja wa miwani, akauliza kama kweli sefu hii inamshinda. Inamshinda, akajibu. Je, nyumbani yupo mwingine anayeweza kuifungua?

Jibu mkewe alishamkaririsha: hapana. Ila binti yao alikuwa nyumbani mwezi wa nne sasa, amemkimbia mume aliyemvunja mkono. Ufundi alifundishwa na baba yake tangu akivaa sketi za shule. Ile sefu mpya aliifungua akipiga soga na mama yake, hata soga haikukatika. Na mama alipouliza itakuwaje mume akija kumchukua, alijibu taratibu, kama mtu anayesema mvua itanyesha: “Aje tu. Siku hiyo ni mimi au yeye.”

Kitasa alikuwa chumba cha pili, akayasikia.

“Yupo,” akaiambia bodi. “Binti yangu. Ana sikio kunishinda.”

Mwenyekiti akavua miwani. Akauliza kama binti anaweza kuhamia kwingine.

“Hana kwingine, mheshimiwa.”

Haikuchukua dakika kumi. Rufaa ikatupwa, na kwa sheria yao hakuna pa kwenda tena.

Nje, mkewe alimpasha mpaka wapita njia wakageuka. Wale wanaume wakirudi atawapiga na nini, tupa ya kuchongea funguo? Alikaririshwa neno moja tu, hata kasuku angeliweza. Kitasa akamwacha aishiwe pumzi, ndipo akamwambia alichokisikia kutoka chumba cha pili.

Wakavuka barabara.

“Nami sikulala siku ile,” mkewe akasema mwishowe. “Nilidhani hukusikia, nikaona nisikuongezee hofu; wale wawili ndio niliowaogopa zaidi.”

Hakurudi nyumbani. Alimfuata mumewe hadi kibandani, akavuta kigoda, akakaa uso barabarani. Kila mteja aliyeinama dirishani, yeye ndiye aliyemuuliza kwanza anataka nini.