Kikohozi Kabla ya Maneno

Ulikuwa mwaka ule tulikula ndizi za kuchemsha asubuhi na viazi vitamu jioni, kwa sababu mahindi yalinyauka yakiwa bado ya kiunoni. Ugali wa wimbi tuliwapikia wageni wa matanga peke yao. Mwaka huo ndio nilimzika mume wangu.

Kifua kilimla polepole. Siku moja aliniambia nimshikie simu karibu na mdomo, inase sauti yake. Akakohoa, akakohoa kwa muda mrefu, nimemshika mgongo, halafu akasema: "Shamba la mtoni ni la binti yangu. Mtu asimtoe." Binti huyo ni kitindamimba wetu, alirudi kutoka kwa ndoa mbaya na watoto wawili. Hana pengine pa kulima.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo waliketi kwangu, hapa Nyacheki. Msemaji alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye shamba lake linapakana na hilo la mtoni. Wakataka kusikia. Nikabonyeza. Kikohozi. Wakangoja. Kikohozi.

"Mama, peleka mbele," mzee mmoja akasema.

Kupeleka mbele ni kuvuta kanukta juu ya kamstari kembamba kama uzi. Kidole changu kimechuma chai tangu nikiwa msichana, ngozi imekuwa gome. Simu haikijui. Nikakilamba, nikagusa tena, kanukta kakaruka mpaka mwisho, sauti ikaisha. Nikaanza upya. Nikagusa alama ya kando, kwaya ya kanisa ikaanza kuimba. Wakacheka, na udongo wa kaburi haujakauka. Kioo kikazima. Nilipokiwasha, sauti ilikuwa imerudi mwanzo kabisa. Aliyetengeneza kitu hiki hajawahi kushika jembe.

Binti alinyoosha mkono anisaidie.

"Wewe usiguse," shemeji akamwambia. "Ndiwe unayedai shamba. Mwenye simu aicheze mwenyewe."

Kikohozi tena. Mvua ikaanza kupiga mabati. Shemeji akasimama, akakung'uta suruali. "Hapa hakuna neno, shemeji. Kuna ugonjwa tu."

"Keti. Maneno yapo nyuma ya kikohozi."

"Basi mpe kijana wangu aipeleke mjini, wakate hicho kikohozi, tuletewe maneno peke yake."

"Mkipata maneno peke yake mtasema yalishonwa. Haikatwi. Mtasikiza pamoja na kikohozi chake."

Wakaondoka. Wiki haijaisha, migomba ya binti yangu iling'olewa ikatupwa mtoni. Alikaa kizingitini, matope mpaka magotini, hakulia.

"Mama, si ungewaachia tu wakate?"

Mimi nilitoka shule darasa la pili, lakini ile sauti naijua kama mlango wangu. Katikati ya kikohozi kuna mahali anasema, "Nishike vizuri." Kuku analia, nami namwambia nimekushika. Hayo nayo wangeyakata. Halafu angebaki mtu gani, wa kugawa mashamba tu?

Juzi shemeji alikuja tena na sukari mkononi, mpole.

"Shemeji, tumalize hii mambo. Wakate, tusikie, msichana alime."

Nilimpa kiti. Nikaweka simu mezani kati yetu.

"Haikatwi. Mtasikiza pamoja na kikohozi chake."