Imamu aliuliza twamjuaje kocha, nami nilinyamaza

Admin, asalaam aleikum. Jina langu lifiche, nakuomba. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, naishi huku Msambweni, nina mke na watoto wanne. Haya ninayoyaandika hata mke wangu hayajui.

Kocha wetu alifundisha mpira bila mshahara miaka na miaka. Vijana wa Gazi, wa Ramisi, wote walipita mikononi mwake. Akipita sokoni ni "Shikamoo kocha" kila upande. Kisha tukashinda kombe la vijana, na haikupita muda ikajulikana kwamba wachezaji watatu walikuwa wamevuka umri, wamesajiliwa kwa vyeti vya kuzaliwa vya wadogo zao. Kombe likachukuliwa, vijana wakafungiwa, kocha akaitwa mwizi.

Vyeti vile nilivileta mimi. Nilikuwa katibu wa timu. Nilizunguka kwa wazazi nikavikusanya, kocha nikamwambia viko sawa. Hakuvisoma, aliniamini. Mambo yalipoharibika nilimwendea nikilia. Akaniambia, "Wewe una watoto wadogo, ndugu yangu. Mimi nishazeeka, wacha waniseme mimi." Nami nikawacha.

Wakamsema kweli. Akija kukaa barazani, mmoja mmoja wanaondoka. Vijana wanampigia kelele, "Kocha, hebu nambie, leo nina miaka mingapi?" Siku moja nilicheka nao. Aliniona.

Mwezi uliopita alifariki. Kabla ya kumswalia, imamu akauliza kama ilivyo desturi yetu, "Jamani, maiti huyu mwamjuaje?" Siku zote watu huitikia pamoja, "Ni mtu mwema." Siku ile safu zote kimya. Mimi nilikuwa safu ya pili. Nilifungua mdomo, nikamwona baba wa mmoja wa wale vijana ananitazama, nikaufunga. Mzee mmoja tu kule nyuma ndiye aliyeitikia.

Juzi mjane wake amenipigia simu. "Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa naye karibu. Nami pia alinidanganya? Niambie tu, nimalize eda yangu nikijua nilikaa na mtu gani."

Nikamwambia, "Nitakupigia, shemeji." Sijampigia.

Sasa mimi ndiye mwenyekiti wa timu. Wanaonisalimia ni wengi, wa kumwambia haya sina hata mmoja.

Kwamba nimekosa, hilo nalijua, msinitukane. Nishaurini nianzie wapi: kwake yeye peke yake kwa simu, au Ijumaa msikitini, mbele ya wote walionyamaza pamoja nami?