Usukani Uliong'olewa Mkutanoni

Wasomaji wangu, kuna mtu kafa hapa Tunduma, tumemzika juzi, na hasira bado ninayo. Kabla hajaja huku kubeba magunia ya mahindi, alikuwa mvuvi kijijini kwetu, ufukweni mwa Ziwa Rukwa, enzi za vijiji vya ujamaa. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini macho ninayo, na nilichokiona nitakisema.

Upepo wa Rukwa ukikupiga ubavuni, pua ya mtumbwi hugeukia upepo unakotoka. Unabaki kupiga kafi upande mmoja tu kuirudisha, mpaka bega linakufa ganzi. Yeye alifunga ubao wa usukani nyuma ya mtumbwi, akavuta kamba mbili hadi miguuni pake. Akisukuma mguu, pua inarudi njiani. Mikono inabaki na kazi moja, kwenda mbele. Akifika maji mafupi anauinua. Peke yake alivuka siku ambazo wenzake, wawili wawili, walirudi pwani.

Hapo ndipo alipokosea. Mitumbwi ilikuwa mali ya kijiji, na kila mmoja ulipangiwa watu wawili. Mwenyekiti akamsimamisha mkutanoni.

"Unataka kwenda peke yako ili ule peke yako?"

"Mwenyekiti, upepo haujui siasa."

Watu wakacheka. Kisha mmoja akapaza sauti, "Kupe huyo, mnyonyaji!" na kicheko kikakatika. Usukani ukang'olewa siku ileile, ukawa kuni.

Msimu huohuo mama yake akashikwa na homa kali. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya ghuba, na upepo umeshaamka. Akapewa mwenzake kama utaratibu ulivyotaka. Wakapiga kafi wote wawili upande mmoja, na bado mtumbwi unageuka. Walipofika, mama alikuwa ameshakata roho, mwili umepoa.

"Njia nzima namwambia, mama, tunafika," alinisimulia. "Kumbe namdanganya."

Hakushika kafi tena.

Juzi msibani mwenyekiti yuleyule, mzee sasa, akasimama kumsifia ubunifu wake. Nikamwambia mbele za watu, "Keti, mzee mwenzangu. Umechelewa."

Usawa ni jambo jema, hata mimi niliuimba. Lakini kijiji kingeweza kufunga usukani kwenye mitumbwi yote. Kikaona rahisi kuung'oa mmoja. Mkimwona anayewazidi, mwombeni awafundishe angali hai. Sifa za kaburini hazimvushi mama wa mtu.