Masikio ya Ismaeli

Marehemu mume wangu, Ismaeli, alikuwa mtu wa foni, ile redio ya kusemezana na miji ya mbali. Alikuwa na chumba karibu na gare, stesheni ya treni ya Kamina, betri mbili za gari na benchi la wateja. Hakuita mji wowote kabla ya kusikiliza. Alizungusha kinobu polepole: hapa mapadri wanaongea, hapa radi, hapa patupu. Pale patupu ndipo alipoita. Leo mpwa wangu, injinia, ananiambia kuna redio za programu ya kompyuta zinazojitafutia zenyewe njia isiyo na mtu. Ismaeli alikuwa na masikio, na daftari la namba za njia hizo za hewani: kubwa za mchana, ndogo za jioni.

Daftari hilo lilimponza mwaka 1998. Kindu, kwetu, ilikuwa mikononi mwa waasi, na sisi watu wa Maniema, mkoa wake, tulitazamwa vibaya. Nilikuwa nimempelekea chakula, akaingia Sajenti Bolingo wa Base, kambi ya jeshi, akanyakua daftari.

"Namba unabadilisha kila saa. Hii njo code ya waasi. Twende!"

Waliochukuliwa kwa neno hilo, wengine hatukuwaona tena.

Kwenye benchi alikuwapo Tshiala, mke wa sajenti mwenyewe.

"Eh, Baba Léa! Minyi nangojea mama yangu wa Kananga tangu asubuhi, weye unakuja kukamata foni yangu?"

Watu wakacheka. Ismaeli akainuka.

"Chef, keti. Chagua namba moja, usiiache. Ita Kananga."

Bolingo akaita. Kelele tu. Kisha sauti ya mfanyabiashara fulani: "Toka! Tuko tunaongea!"

Ismaeli akashika kinobu, akasikiliza, akakisogeza, akasikiliza tena. Akaita. Kananga wakajibu. Tshiala akalia huku amebana kifungo cha kusemea.

"Achilia, mama," Ismaeli akamwambia. "Ukikibana, mama yako hawezi kujibu."

Bolingo akaweka daftari mezani. "Na Kindu, unaiita?"

"Tangu ianguke sijaiita, chef. Na mama yangu iko kule."

Sajenti alimtazama sana, akatoka peke yake.

Mtaani bado wapo wanaosema tulimnunua sajenti. Hatukutoa kitu. Nilikuwapo. Wateja walipokwisha nilifunga mlango, nikammiminia maji. Nikamshikia glasi mimi, akanywa yote.