Ndoo Niliyoipita Langoni

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, siku mbili kabla ya Krismasi, nilifika kwenye lango la nyumba yangu nikitokea Dar es Salaam, nikaikuta ndoo ya maji tiririka niliyoitundika kwa mikono yangu mwenyewe, na sabuni yake pembeni, na kibao chake juu kilichoandikwa kwa rangi nyekundu MGENI, NAWA KWANZA, nikaitazama, nikakumbuka kwamba maji ya Tukuyu saa hizo ni barafu, nikajiambia mimi si mgeni, nikapita. Naona aibu kulisimulia jambo hili, lakini kwa kuwa nusu ya Rungwe inalisimulia tayari, tena kwa kutia chumvi (eti nilizimia madhabahuni, si kweli, nilikaa tu), ni afadhali mlisikie kwangu likiwa na vipimo vyake.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani. Shule niliishia darasa la saba, lakini nasoma kila kitu kinachopita mbele yangu: vitabu vya afya, vipeperushi vya zahanati, hata ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa naisoma mpaka chini kwenye anwani ya kiwanda. Ndiyo maana kanisani walinipa dakika tano za matangazo ya afya, na ndiyo maana kila Desemba, wenzetu wa mijini wanapoanza kurudi kula sikukuu, husimama pale mbele na kueleza kwamba mtu anakaa kutwa nzima ndani ya basi lililofungwa madirisha, anapumua pumzi za watu asiowajua, anashuka, anashika mikono ya ukoo mzima, na kabla mbuzi hajachunwa ukoo wote unakohoa. Haya yote ni kweli mpaka leo. Kasoro ilikuwa moja tu: katika maelezo yangu, msafiri mwenye ugonjwa alikuwa siku zote mtu mwingine.

Mwaka huu nilikuwa mkali kupita kawaida, kwa sababu ya mama. Mama yangu alikuwa haoni; macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na kitukuu wake Tumpe, aliyekwisha kuanza kutambaa, alikuwa akimjua kwa vidole tu. Madaktari wa macho wanaotembelea hospitali za wilaya walitarajiwa mara baada ya mwaka mpya, na muuguzi alitwambia waziwazi kwamba jicho lenye uambukizo halipasuliwi, linarudishwa nyumbani kusubiri wakija tena, na watakuja tena lini hakuna anayejua. Basi nikatundika ndoo. Nikaandika kibao. Nikampigia simu mdogo wangu Ipyana, anayeishi Dar, nikamwambia yeye na wanawe watanawa langoni na hakuna kumshika bibi mikono.

"Kaka," akasema, "tunakuja Krismasi au tunakuja karantini?"

"Ninyi wa Dar ndio mnaotuletea magonjwa."

"Haya, Waziri wa Afya."

Sasa, nyumbani kwangu kulikuwa na karantini nyingine ya siku nyingi, ambayo mimi niliidharau. Mke wa mwanangu Lusajo, mama yake Tumpe, anaitwa Bupe, alilelewa na bibi yake huko ndani kabisa, na bibi yake alimfundisha desturi ya zamani ya Wanyakyusa kwamba mwanamke hamkaribii baba mkwe. Hanipi mkono. Hataji jina langu. Akinisikia nakuja njiani, anaingia migombani mpaka nipite, na mimi siingii katika nyumba yake, ingawa iko hatua chache tu kutoka kwangu, upande wa chini wa shamba. Wakwe wengi wa siku hizi wameacha, wengine wanakula sahani moja na baba wakwe zao na kuwaomba vocha. Bupe hakuacha. Mimi, msomaji wa vipeperushi, niliona ni ushamba, na nilikuwa nimetangaza kwamba Krismasi hii, mbele ya familia yote, atanipa mkono na mambo hayo yataisha. (Ndiyo, nilipiga marufuku mikono ya watu wote, isipokuwa mkono mmoja niliouhitaji kwa ajili ya maendeleo.)

Dar nilikwenda kununua vipuri, maana Desemba kila cherehani ya Tukuyu inashona nguo za sikukuu mpaka inakatika mkanda. Wakati wa kurudi, nilikaa kiti kimoja na mama aliyempakata mtoto mwenye macho mekundu, yamejaa tongotongo, hayafunguki. Mtu mwingine angehama kiti. Mimi nilimfundisha. Tangu Chalinze mpaka giza lilipoingia nilimweleza yule mama jinsi ugonjwa huo unavyopita katika mikono na vitambaa, na ili aelewe vizuri nikatoa leso yangu mwenyewe, nikamsafisha mtoto macho, kutoka ndani kwenda nje, kama inavyotakiwa. Yule mama alishukuru sana. Nikaikunja leso, nikairudisha mfukoni, na tulipofika kwenye milima, kwa joto la injini na wingi wa watu, nikajifutia jasho usoni.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mfukoni na vidoleni nilipoipita ndoo.

Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama kumsalimia. Nilikuwa nimetangulia kufika kuliko walivyonitegemea, na Bupe alikuwa humo ndani akimnawisha mama uso. Aliposikia sauti yangu sebuleni, nikasikia komeo: kwa!

"Bupe, fungua, nimsalimie mama."

Mke wangu, Mama Lusajo, akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Baba Lusajo, si unajua hawezi kufungua? Nenda barazani upate chai, atamtoa mama kwa mlango wa nyuma."

"Nizuiwe kumwona mama yangu katika nyumba niliyoijenga mwenyewe?"

"Hujazuiwa. Umeambiwa unywe chai."

Nilikunywa chai kwa hasira. Walipotoka kwa mlango wa nyuma, mama alishikwa mkono mpaka nyumbani kwa Bupe, kwa sababu ndivyo tulivyopanga: chumba chake wangelala watu wa Dar, na yeye angekaa kwa mjukuu wake mpaka sikukuu ziishe. Kwa kuwa siruhusiwi kuingia kule, nilimsalimia mama kutoka uwanjani, kwa sauti, kama mtu anayeuza viazi. "Mugonile, mama!" Akaitikia kutoka ndani. Mkono wake sikuupata, na nilinung'unika siku nzima. Mikono mingine yote niliipata. Kwa sababu mimi ni mwenyeji, na marufuku ilikuwa ya wageni, nilisalimiana na majirani, na wateja, na kwaya iliyokuwa inafanya mazoezi, na Ipyana alipofika kesho yake na wanawe wawili, niliwasimamia wakanawa mpaka kwenye viwiko, halafu mimi nikawakumbatia.

Jioni hiyohiyo ya mkesha jicho la kulia likaanza kuwasha. Nikasema ni moshi wa kuni. Usiku yakawa mawili. Nikasema ni upepo wa dirisha la basi. (Kitabu changu cha afya kina ukurasa mzima wenye picha ya macho ya namna hiyo. Ni kitabu pekee ambacho usiku huo sikukifungua.) Lakini kwa tahadhari nilikuwa nimepita sokoni kabla maduka hayajafungwa, nikanunua miwani nyeusi ya jua kwa shilingi elfu nne na mia tano.

Sijui kama mnalijua jua la Tukuyu mwezi wa kumi na mbili. Siku ya Krismasi ilinyesha tangu asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la kanisa, umeme umekatika, na mimi nimesimama mlangoni na miwani nyeusi napokea waumini kwa mikono miwili. Jirani yangu Gwakisa, mchuuzi wa viazi vya Isongole, mtu ambaye hajawahi kumaliza siku bila kumcheka mtu, alinishika mkono akauliza, "Fundi, umekuwa msanii?"

"Mwanga unaniumiza."

Akatazama mvua, akanitazama mimi, akaingia.

Zilipofika dakika zangu tano nilisimama mbele na karatasi yangu. Ndani ya lile giza, na miwani ile, sikuona hata herufi moja. Nikasoma mstari wa kwanza kwa kukumbuka, nikasoma tena mstari wa kwanza, na nilipouanza kwa mara ya tatu mzee wa kanisa akasema kwa upole, "Fundi, toa miwani usome vizuri." Kanisa zima linasubiri. Ningesema nini? Nikaitoa.

Mtoto mmoja wa mbele akasema, sauti kama kengele: "Mama! Macho ya babu yamechubuka!"

Nikakaa. Karatasi nilikuwa nayo mkononi, na kwa kuwa sasa niliweza kuisoma, niliisoma: *Tujihadhari na ndugu wanaotoka safari.*

Mtu mwenye akili angekwenda nyumbani akajifungia. Mimi nilikwenda nyumbani nikatekeleza ratiba. Baada ya chakula, familia yote ikiwa uwanjani chini ya turubai, Bupe akiwa kwenye kizingiti cha nyumba yake na Tumpe mgongoni, nikavuka uwanja na mkono nimeunyosha.

"Bupe mwanangu, leo tunamaliza mambo ya kale. Nipe mkono."

Alirudi nyuma hatua moja. Nikasogea moja. Akarudi tatu, akakata kona ya nyumba, akapotelea migombani, na mimi nikabaki nahutubia migomba juu ya maendeleo, macho yananitiririka, Ipyana anajishika mbavu kwa kucheka na mke wangu amejifunika kanga usoni. Kutoka ndani, mama, ambaye haoni lakini anasikia kila kitu, akasema:

"Gwe mwanangu, mwache. Hajakukosea."

"Mama, ni desturi tu hiyo."

"Na wewe una nini machoni? Wanasema umetisha watoto kanisani."

"Moshi, mama."

"Moshi. Basi kaa hukohuko na moshi wako."

Kesho yake asubuhi mwana mkubwa wa Ipyana aliamka macho hayafunguki. Akafuata mdogo wake, akafuata Mama Lusajo, akafuata Ipyana. Halafu sauti ya pili yote ya kwaya. Halafu wazee wa kanisa, mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule waliopita mlangoni. Gwakisa alikuja langoni, akasimama mbali, macho mekundu kama nyanya za sokoni, akanawa kwanza kwa makusudi, polepole, huku akinitazama.

"Fundi, jana nilishuka Kiwira. Wanayo. Leo asubuhi nimetoka Isongole, wanayo. Na huko hawaulizani tena hali. Wanaulizana, 'Wewe ulipewa na fundi mwenyewe, au kwa mkono wa mtu?'"

"Usinichekeshe, macho yanauma."

"Sikuchekeshi. Waliopewa na wewe mwenyewe wanajivuna."

Nilicheka kidogo, nikaacha, kwa sababu wakati huo niligeuza shingo nikaitazama nyumba ya Bupe. Lusajo mwenyewe alikuwa hajarudi. Kiwanda cha chai kilikuwa na zamu za sikukuu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikapiga hesabu ambayo sikutaka kuipiga: kati ya watu wote wa uwanja ule, ambao ugonjwa haukuwafikia walikuwa Bupe, ambaye sikuwahi kumgusa, na wawili waliokuwa mikononi mwake, mama na Tumpe. Na asubuhi ile ya kufika, kama komeo lisingelia, ningemshika mama uso kwa mikono miwili, maana ndivyo ninavyomsalimia.

Tangu siku hiyo mambo yaligeuka. Bupe akitokea njiani, mimi ndiye niliyeingia migombani. Mara ya kwanza aliponiona nikichupa mtaro alisimama, nadhani hakuamini, kisha akapita haraka na uso wake ameuinamisha, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Chakula cha mama kutoka kwetu kiliwekwa juu ya jiwe, Bupe akakichukua tukishaondoka. Ipyana aliondoka na familia yake wote wamevaa kofia zilizoshushwa hadi puani, na baada ya siku chache akapiga simu.

"Kaka, kila mwaka tunarudi na ndizi na maparachichi. Mwaka huu mtaa mzima umepata zawadi. Wanaiita macho ya Tukuyu."

"Pole."

"Usinipe pole. Mwakani tunatundika ndoo Dar, na wewe utanawa."

Siku ya madaktari, Bupe ndiye aliyempeleka mama, kwa bajaji. Mimi nilifuata kwa miguu, kwa mbali, na getini muuguzi alinitazama mara moja tu. "Baba, wewe usivuke hapo." Nikasimama nje ya uzio, kwenye manyunyu, na miwani yangu. Daktari alimulika macho ya mama, akamulika tena. Nilishika waya wa uzio kwa nguvu. Kisha nikaona Bupe anapokea gauni la upasuaji, nikajua wamempokea, na nikalia, jambo ambalo kwa macho yale lilikuwa na maumivu makubwa kuliko mnavyofikiri.

Bandeji ya jicho la kulia ilifunguliwa kesho yake, barazani hospitalini, mimi nikiwa tena nje ya uzio. Mama alimshika Tumpe mbele yake, akamtazama sana, pua, masikio, vidole, akasema "Ndaga fijo," ambayo ni asante kubwa, sijui alikuwa anamwambia daktari, Bupe au Mungu. Halafu akainua uso, akaangaza huku na huku, akanyosha kidole kuelekea uzioni.

"Na yule aliyevaa miwani ya jua kwenye mvua ni nani?"

Bupe hataji jina langu. "Ni yule wa nyumbani kwetu, bibi."

Mama akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kutazamwa na mama yangu, na nilianza kuinua mguu kuvuka.

"Mwambie asisogee," akasema. "Namwona vizuri kutoka hapahapa."

Kwa hiyo mimi sasa nanawa. Natoka dukani, nanawa. Natoka shambani, nanawa. Kibao nimekifuta neno MGENI, limebaki NAWA KWANZA. Kuhusu mkono wa Bupe, sitauomba tena, wala sitaruhusu mtu auite ushamba mbele yangu. Gwakisa aliahidi kuinunua ile miwani kwa shilingi elfu moja, kwa sharti niichemshe kwanza. Nikaichemsha kwa muda ulioagizwa na kitabu, ikatoka sufuriani imejikunja kama ganda la ndizi, na akakataa. Hasara yote, shilingi elfu nne na mia tano.